Chini ya Ulimi wa Kondoo Dume

Mitilene, mwezi wa zabibu, siku ya mwandamo

Mjomba Nausikles,

Natumaini uvimbe wa miguu umepungua. Nakuandikia nikiwa na hasira, wala sitajifanya sina.

Hedyte amejifungua mtoto wa kiume. Shada la mzeituni lilikwisha tundikwa mlangoni, na jirani walikwisha leta pweza wao kwa karamu ya siku ya tano. Kisha nikamtazama mtoto mchana, juani. Ana nywele nyekundu kama shaba iliyosuguliwa, na ngozi kama maziwa. Mimi unanijua nilivyo. Hedyte nywele zake ni nyeusi, na baba yake, na mama yake, na kaka zake wote.

Sikukurupuka. Nilifanya kama ulivyonifundisha. Nilichukua kioo cha shaba cha Hedyte, nikakaa dirishani, nikainua ulimi. Mishipa yangu ni myeusi, mjomba, yote miwili, minene kama nyuzi za kushonea viatu. Kondoo dume mwenye mishipa myeusi chini ya ulimi huzaa weusi, hata kama yeye mwenyewe ni mweupe. Nikainua ulimi wa mtoto. Hakuna weusi wowote. Hedyte alikuwa akicheka, akidhani nacheza na mwanangu.

Siku ilipofika ya kumbeba na kumzungusha mekoni, ndivyo baba anavyomkubali mtoto, wageni wamesimama, nilikataa. Nikasema, huyu si wangu. Baba mkwe, Myrtilos, alimchukua binti yake na mtoto wakaenda kwake saa ileile. Mtaani kwetu kuna Mthrakia mwenye nywele nyekundu anayeuza sufu. Sitasema zaidi.

Sikukuu ya koo, wazee wanapoandika watoto, ni mwezi ukijaa. Nitasimama madhabahuni ama nimwapie mtoto kwamba ni wangu ama nimkane, na Myrtilos atataka sababu mbele ya wazee. Nataka tamko lako juu ya kondoo, lenye kiapo na muhuri. Kisiwa kizima kinajua habari yangu: nilizaliwa mweusi katika nyumba ya watu weupe, baba yangu akawa tayari kuniacha mlimani, na wewe ukamwonyesha ulimi wa kondoo wake, akanibeba. Kanuni iliyonitia ukooni ndiyo hiyo itakayomtoa huyu.

Mpwa wako,
Lampon

*

Pyrrha, mwezi wa zabibu, siku ya tatu

Lampon,

Mwendesha nyumbu ameleta barua yako pamoja na jibini, na jibini lina akili zaidi.

Sitaandika unachotaka. Nenda kwa Myrtilos, omba radhi, mrudishe mkeo nyumbani. Mtoto mchanga si sanamu. Mwana wa farasi huzaliwa na rangi moja akakua na nyingine. Kwale huanguliwa na manyoya asiyokufa nayo. Nywele hizo zitaanguka zote kabla hajaota jino. Hayo unayajua, umeyaandika mwenyewe na ukasifiwa.

Tabibu ananiambia nisipange kuonja mafuta ya zeituni za mwaka huu. Maji yamepanda kutoka miguuni hadi mapajani. Nikibonyeza kidole, shimo linabaki. Kuandika mistari hii kumenichukua asubuhi nzima. Usinilazimishe kuandika mingine.

Nausikles

*

Mitilene, mwezi wa zabibu, siku ya tano

Mjomba,

Niliomba ushahidi, ukanitumia kwale.

Hujui ninavyoishi hapa. Nikiingia kwa kinyozi, mtu wa kwanza anasema, "Lampon, fungua mdomo tukuone!" Na wa pili, "Mwache, leo hajapiga mswaki mishipa." Kinyozi mwenyewe anacheka mpaka wembe unacheza shingoni mwangu. Jana kaka mdogo wa Hedyte alinirushia ganda la tikiti sokoni, akanifuata akilia "Mee! Mee!" hadi mlangoni kwangu.

Kwa nini unakataa? Maisha yako yote umefundisha jambo hili. Vijana walikuja kutoka ng'ambo kukusikiliza. Mimi nimejenga kitabu kizima juu yake, nikaweka jina lako mwanzoni. Leo nakuomba mistari mitano na muhuri, na unanijia na habari za miguu. Ama umezeeka ukasahau, ama unamwogopa Myrtilos.

Basi sikia mambo yalipofika. Myrtilos anampenda mtoto, lakini nyumba inaendeshwa na wanawe. Wamemwambia baba yao wazi: siku Lampon atakapomkana madhabahuni, hatutalala paa moja na mwanaharamu. Wamekwisha nunua chungu cha kumwachia mlimani. Wamechagua kipana, chenye mdomo mkubwa, kwa sababu mtoto amekua tangu azaliwe.

Usiponiandikia, nitasimama na mafundisho yako bila wewe. Wazee wanayajua kama wimbo.

Lampon

*

Pyrrha, mwezi wa zabibu, siku ya saba

Lampon,

Nilitaka kufa bila kuandika barua hii. Umenikatalia hata hilo. Kaa chini uisome yote.

Ulipozaliwa nilikuwa nimerudi kutoka masomoni, kijana mwenye majivuno. Nilikuwa nimepasua kinyonga, nimepasua fuko nikakuta macho yake yamefunikwa na ngozi, nimehesabu meno ya nungunungu wa baharini. Watu wa Pyrrha waliamini nimeona ndani ya kila kitu. Baba yako Damoxenos aliamini kuliko wote. Alikuwa mtu wa mifugo. Neno la mtu alilipima, neno la kondoo alilikubali palepale.

Ulitoka mweusi kama zeituni iliyoiva, nywele zimejikunja. Yeye alikuwa mweupe kama jibini, na dada yangu Ampelis vivyo hivyo. Damoxenos hakupiga kelele. Alikaa uani, akaniambia, "Shemeji, siku ya tano sitambeba." Basi. Akaendelea kuchonga mpini wa jembe.

Wachungaji wa upande wetu tangu zamani husema kwamba mishipa iliyo chini ya ulimi wa dume huamua rangi ya wana. Wakati ule sikuwa nimetazama hata ulimi mmoja. Lakini nilijua kwamba Damoxenos anaamini.

Asubuhi ya siku ya tano jirani walileta ngisi kwa karamu yako, kapu zima, kwa kuwa hawakujua kama karamu ipo au haipo. Nilimchukua mmoja. Nilikuwa nimepasua ngisi wengi na nilijua kifuko cha wino kilipo. Nikaenda nacho zizini, nikamshika dume mkubwa mweupe, nikampaka wino chini ya ulimi kwa kidole, kufuata mishipa. Aliniuma. Nikamshikilia hadi wino ukakauka, kisha nikamwita baba yako pamoja na wageni wake.

Nikamwuliza, "Shemeji, kondoo huyu ni mweupe au mweusi?"

"Mweupe. Huna macho?"

"Na wale wana wawili weusi pale ukutani ni wa nani?"

"Wake. Zizini hapa hakuna dume jingine."

"Basi kawatupe mlimani. Mama yao alitoka nje."

Watu walicheka. Yeye hakucheka. Nikafungua mdomo wa kondoo, nikainua ulimi. "Tazama." Alitazama muda mrefu. Kisha nikamwambia, "Sasa fungua wako."

"Mbele ya watu?"

"Mtoto wako yuko mbele ya watu."

Akafungua. Alinuka vitunguu. Mishipa yake ilikuwa kama ya mtu yeyote, zambarau. Nikasema kwa sauti, "Myeusi kama makaa!" Nani awezaye kuuona ulimi wake kwa chini? Wageni walisogea wakachungulia, na kwa kuwa mimi nimesema ni myeusi, wakaiona myeusi. Damoxenos aliingia ndani, akakuchukua kwa mkunga, akakimbia nawe kuzunguka meko mpaka ukatapika. Hakukutilia shaka tena mpaka alipokufa.

Sasa sikiliza, mwanafunzi wangu bora. Baada ya hapo niliona haya, nikaanza kutazama kwa kweli. Nilifungua midomo ya madume hapa Pyrrha, Eresos, na ng'ambo ya maji hadi Assos. Wenye mishipa myeusi walizaa weupe. Wenye mishipa myeupe walizaa weusi. Wapo waliozaa mapacha, mmoja hivi na mmoja vile. Kanuni hakuna. Haikuwapo kamwe. Lakini Damoxenos alikuwa hai, na wewe ulikuwa ukikimbia uani mwake ukimwita baba, nami nikanyamaza. Alipokufa, ulikuwa umekwisha ijifunza kwangu pamoja na mambo mengine, ukaisema kwa majivuno kuliko yote kwa sababu ni habari yako.

Siombi radhi kwa ajili ya wino. Ningekuwa na nguvu ningeupaka tena kesho. Nimekasirika, Lampon. Nilisema uongo mtoto abebwe. Wewe umeuchukua uongo uleule ukamtafutia mtoto chungu. Na katika kitabu chote kile juu ya kondoo, hukufungua mdomo wa kondoo hata mmoja! Ulifungua wako tu, mbele ya kioo. Shaba hutia giza kila kitu, mjinga wewe. Ningejitazama humo nami ningekuwa na mishipa myeusi.

Mrudishe mwanao.

Nausikles

*

Mitilene, siku ya tisa

Nausikles,

Sikuiti mjomba leo.

Kwa hiyo mimi ni nani? Miaka yote nimetembea kifua mbele kama mtu aliyethibitishwa na maumbile yenyewe, kumbe nimethibitishwa na ngisi. Damoxenos alikuwa baba yangu au hakuwa? Wewe ulijua nini? Mama alikuambia nini?

Na kwa nini nikuamini? Zamani palikuwa na mtoto mashakani, ukaja na hadithi nzuri, watu wakachungulia na kuona ulichotaka waone. Leo tena pana mtoto mashakani, na tazama, unayo hadithi nyingine, nzuri kuliko ile! Na safari hii pia inaishia mtoto akibebwa. Mara hii umemkamua ngisi yupi?

Mtu akidanganya kwa ajili ya mtoto mmoja, atadanganya kwa ajili ya wawili. Nitakwenda madhabahuni.

Lampon

*

Pyrrha, siku ya kumi

Lampon,

Usiniamini. Ni jambo la kwanza la akili uliloniandikia mwezi huu.

Usimwamini mchungaji pia, wala kitabu chako. Kuna mazizi nje ya lango la kaskazini. Nenda. Mshike dume, mpanue taya, tazama, kisha tazama wana wake. Ukimaliza zizi moja nenda la pili. Wanauma, weka kidole gumba nyuma ya meno ya mbele, penye pengo. Ukiikuta kanuni, nenda kamkane mtoto, na mimi nitakuwa nimekufa mwongo. Lakini utakwenda madhabahuni na uvundo wa kondoo mikononi mwako mwenyewe.

Kuhusu baba yako. Sijui. Ampelis hakuniambia kitu, nami sikumwuliza. Nilimwona Damoxenos akikufundisha kuogelea ghubani kwa kukusukuma kutoka kwenye ngalawa, na akiruka na nguo zake zote ulipochelewa kuibuka. Hayo niliyaona kwa macho. Mengine sina.

Nausikles

*

Mitilene, nyumbani kwa Myrtilos, siku ya kumi na tatu

Mjomba Nausikles,

Hatujawahi kuandikiana. Mimi ni Hedyte, mke wa mpwa wako, kama bado naitwa hivyo. Barua zako zote amenipa nisome. Alizisukuma chini ya mlango, kwa kuwa mlango wenyewe sikumfungulia.

Alikuja jana jioni. Kabla hajabisha tulijua yuko nje kwa harufu. Mkono wa kulia umefungwa matambara, kucha zimejaa uchafu, kanzu imechanika begani. Kaka yangu mkubwa alimwuliza kupitia dirishani, "Unataka nini?"

"Nimwone mtoto."

"Yeye mzima au ulimi tu?"

Nilimsogeza kaka nikasimama dirishani mimi. Nikamwambia, "Fungua wako kwanza."

Nilidhani ataondoka. Akafungua, pale barabarani, watu wanapita na ndoo zao. Mwanamke mmoja akasema, "Maskini, jino gani linamsumbua?"

Nikamwuliza, "Haya, naona nini humo?"

"Sijui," akasema. "Nimeshinda mazizini siku mbili. Weusi wanazaa weupe, weupe wanazaa weusi. Kuna mmoja ana mshipa mmoja mweusi na mwingine mweupe, nikasema huyu sasa ndiye, wanawe watakuwa madoadoa. Wote kahawia."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo sijui kitu."

"Na mimi je? Mimi unanijua?"

Aliinamia matambara ya mkono wake. Nikafunga dirisha. Ndipo akasukuma barua chini ya mlango, akaenda zake.

Nimezisoma mara mbili. Mkunga wangu anasema wewe ni mtu mwema, kwa kuwa ulimwokoa mtoto. Labda. Mimi nimesoma nikitafuta mahali ambapo mmoja wenu anamgeukia mwanamke na kumwuliza. Hapapo. Wewe ulikimbilia kapu la ngisi. Yeye alikimbilia kioo changu. Mmemwuliza kondoo, mmewauliza kondoo wa Eresos, mkavuka na bahari kuwauliza wa Assos. Dada yako alikuwa amelala chumba cha pili, ana sauti, ana akili timamu, naye ndiye pekee nyumbani aliyekuwa na jibu.

Mimi bado sijafa, basi jibu langu hili hapa, akitokea wa kulitaka: mtoto ni wa Lampon. Yule Mthrakia wa sufu ana miaka ya babu yangu na hasikii.

Kesho kutwa ni sikukuu. Chungu kiko uani karibu na kisima. Nakiona kila ninapokwenda kuteka maji, na kila ninapokiona nawalaani wenye elimu wote, wewe ukiwa wa kwanza.

Hedyte

*

Mitilene, siku ya kumi na sita

Mjomba,

Nakuandikia kwa ufupi maana nimechoka, na sijui kama utaisoma.

Alfajiri ya sikukuu nilikwenda kwa Myrtilos. Hedyte alifungua mlango mwenyewe. Nilimwuliza swali moja, lile ambalo kila mtu mjini alikwisha liuliza ila mimi, na nililiuliza kwake. Alinipiga kofi, kisha akajibu. Nikanyoosha mikono. Hakunipa mtoto mara moja. Alinifanya nisimame hapo mpaka jogoo wa jirani wote wakamaliza kuwika.

Nilimbeba hadi nyumbani kwangu, yeye akinifuata nyuma, na kaka zake nyuma yake. Nilimzungusha mekoni. Ni mzito. Alilia njia nzima.

Madhabahuni mzee wa ukoo aliniuliza, "Ulisema una ushahidi juu ya mtoto huyu." Nikasema, sina. Mmoja wa nyuma akadakia, "Hatuonyeshwi ulimi leo?" Watu wakacheka, na kinyozi akacheka kuliko wote. Mzee akasema, "Unaapa kwa ushahidi gani basi?" Nikasema, nilimwuliza mama yake. Wakacheka zaidi. Nikaweka mkono juu ya sadaka nikaapa, na jina la mtoto limeandikwa.

Hedyte amerudi nyumbani. Hasemi nami. Sijui itachukua muda gani, wala simharakishi.

Sasa yangu na wewe. Hasira ya wino imekwisha. Nimekwisha panua taya nyingi mno kuwa nayo. Ila kuna nyingine. Ulipokwenda zizini asubuhi ile, ulikwenda kwa kuwa ulikwisha amua kwamba mama yangu ana kosa la kufichiwa. Usingehitaji uongo kama ungemdhania ukweli. Kisha ukakaa naye meza moja miaka ishirini na zaidi, ukila mkate wake wa shayiri, ukijiona mfadhili wake. Hilo silisamehe.

Kama u hai, niambie jambo moja. Yeye alijua? Na kama alijua, alisema nini?

Lampon

*

Pyrrha, siku ya kumi na tisa. Imeandikwa na Thratta mtumishi, kwa kinywa cha Nausikles, ambaye hawezi tena kushika kalamu.

Lampon,

Alijua. Nilipotoka zizini alikuwa amesimama mlangoni kwa shida, ameshika ukuta, siku ya tano tu tangu azae. Aliviona vidole vyangu. Alivitazama, akanitazama mimi, akasema, "Kaka, kanawe mikono."

Nilikwenda nikanawa. Alipoingia ndani alifunga mlango, na hakunisemesha tena mpaka baridi ilipokwisha.

Nilidhani ananitahadharisha watu wasione. Nimedhani hivyo maisha yangu yote, mpaka nilipofikia mistari yako ya mwisho; sasa nasikia aliniambia kwamba mikono ile ilimchafua yeye.

Nausikles